Mguu wa Shekuwe Mbele ya Mahakama ya Usemeo

Waliopita nchi ya Usemeo husimulia mengi: barabara zilizonyooka, mikate ya ufuta, na watu wenye huruma nyingi kiasi kwamba mgeni akipiga chafya mtaani hupewa pole na nyumba tatu. Yote hayo ni kweli. Lakini anayetaka kuijua nchi hiyo sawasawa hana budi aumie ndani yake, na hilo simwombei mtu, hata adui. Lilimpata Shekuwe wa Mtondooni, na aliyeliona tangu mwanzo hadi mwisho ni mkewe, Mkejina. Hadithi hii ni ya Mkejina zaidi kuliko ya mguu uliovunjika.

Shekuwe alikuwa mchimba visima. Alishuka shimoni bila ngazi, mgongo umeegemea ukuta huu na nyayo zimekanyaga ukuta ule, akijishusha kidogo kidogo mpaka pale udongo unapobadilika harufu. Kazi hiyo yataka miguu miwili iliyo sawa kwa urefu na kwa nguvu. Yataka pia mtu asiye na maneno, maana kisimani hakuna wa kuzungumza naye, na Shekuwe alikuwa hivyo hata akiwa juu. Mkejina alikuwa ameishi naye tangu ujana wao, wakapata binti mmoja, Mize, na katika muda huo wote hakuwahi kumsikia akilalamika. Aliumwa na nge, akakunja uso. Alimzika mama yake, akaenda kuosha majembe. Wanawake wa Mtondooni walimwonea gere Mkejina kwa kupata mume mpole. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawakujua kwamba ukimya nao huchosha, na kwamba kuna siku mke hutamani hata kufokewa, mradi ajue kilichomo kifuani mwa mwenzake.

Safari hiyo walikuwa wanarudi kwao. Kisima cha Mtondooni kilikuwa kimeanza kutoa maji ya chumvi, na watu walikuwa wametuma salamu kwamba wanamngoja Shekuwe awachimbie kingine kabla ya kiangazi. Njia fupi ilipita Usemeo, nao wakaishika.

Walikuwa katika mteremko wa soko la nguo, katikati ya mji, gari la ng'ombe lililosheheni chokaa lilipokatika nira na kuanza kurudi nyuma. Shekuwe alimsukuma mkewe pembeni. Yeye mwenyewe hakuwahi. Gurudumu lilimpanda mguu wa kushoto, chini ya goti, kisha likaenda zake hadi bondeni na kuangusha kibanda cha muuza matunda. Juu ya ubao wa nyuma wa gari hilo palikuwa pamechorwa mtu mnene mwenye masharubu, mkono umewekwa kifuani, na chini yake maandishi mekundu: UMEUMIA? MIMI PIA. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokiona Shekuwe kabla ya mfupa kukatika.

Hakulia. Aliuma mdomo mpaka ukatoa damu.

Mkejina ndiye aliyepiga yowe. "Maji, jamani! Na watu wa kumwinua!"

Watu walikuja mbio, naye akamshukuru Mungu kwa wingi wao. Lakini walipofika walisimama duara, kila mmoja akiwa na uso wa huzuni, na hakuna aliyenyoosha mkono. Bwana mmoja mwenye kofia nyeupe na kengele ndogo alipenya katikati. Huyo alikuwa Mshika Kengele, ofisa wa serikali.

"Asiguswe mtu," alitangaza. "Huyu bado hana wakili."

"Mume wangu amevunjika mguu!"

"Ndivyo inavyoonekana, shemeji," alisema yule bwana, na upole wake haukuwa wa kuigiza. "Lakini kwetu sisi kuonekana si kusemwa. Maumivu yasiyo na wakili ni kama mbwa asiye na mwenyewe. Atakayeyagusa ataambiwa ni yake."

"Basi mwacheni aseme mwenyewe. Mwulizeni!"

Umati uliguna kwa aibu, kama watu waliosikia tusi mbele ya watoto. Mshika Kengele akamfafanulia taratibu. Sheria ya Usemeo haimkubali mwenye maumivu kusema juu ya maumivu yake, kwa sababu ana upendeleo. Wakili huyavaa. Akishayavaa, yanakuwa yake kisheria: yeye ndiye huchechemea, yeye ndiye huulizwa hali, yeye ndiye hupewa pole. Jamaa wa aliyeumia wana kazi moja tu, ya kusikiliza mawakili wakilia na kumchagua yule ambaye mlio wake unafanana na wa mtu wao. Kisha bwana huyo akatikisa kengele.

Mawakili walifika upesi kuliko maji. Wengine walitoka mkahawani midomo ingali na kahawa, mwingine akateremka kutoka juu ya paa. Wote walijilaza vumbini kandokando ya Shekuwe na kuanza kulia, kila mmoja kwa zamu yake. Watu wa sokoni, ambao wamekulia katika mambo haya, walitoa maoni.

"Huyu anavuta pumzi vibaya," alisema muuza karanga.

"Mwaka juzi alilia mbavu, akalia vizuri sana," alimtetea jirani yake. "Mguu hauwezi, lakini mbavu anaziweza."

Ndipo umati ulipopasuka, na yule mtu wa kwenye ubao akaja kwa miguu yake mwenyewe. Wakili Mapande hakuwa na haraka. Alivua kilemba, akajilaza, akafumba macho. Mlio ulioanza kumtoka ulikuwa wa chini, ukapanda polepole, ukakatika ghafla, ukarudi tena umechakaa. Muuza karanga aliweka sinia lake chini akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Alibaki wakili mmoja tu ambaye hakujilaza, mwanamke mwembamba aliyeitwa Bi Sikudhani. Alikuwa amechuchumaa kwenye mguu wa Shekuwe, anautazama, halafu anamtazama Shekuwe usoni, halafu mguu tena. Zamu yake ilipofika hakutoa sauti yoyote. Aliufumba mdomo kama ulivyofumbwa ule wa Shekuwe. Watu wakadhani amesahau sanaa yake, wakaanza kucheka.

"Dada, wewe ndiye mkewe?" alimwuliza Mkejina. "Mguu huu ukifungwa mabanzi leo, utapona. Nichague mimi, nami jambo la kwanza nitakalosema ni kwamba nataka mganga wa mifupa."

"Na kesi?"

"Itakuwa ndogo. Sitakudanganya. Kwetu mguu uliopona hauna cha kusimulia."

"Mwulize ameshinda kesi gani kubwa," alisema Wakili Mapande kutoka vumbini, bila kufumbua macho.

"Sijawahi kushinda kesi kubwa," alijibu Bi Sikudhani. "Wateja wangu hupona."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mkejina alimtazama mumewe, akamwona amefumba mdomo vilevile, jasho linamtiririka. Alimtazama Mapande. Kila alichotamani kukisikia kwa mumewe tangu siku ya harusi yao kilikuwa kinatoka katika koo la mtu huyu asiyemjua. Alikuwa na hasira na mwenye chokaa, hasira ya kutaka dunia nzima isikie, na huyu mwanamke mwembamba alimwahidi ukimya mwingine. Ukimya alikuwa nao nyumbani. Alikuwa nao wa kutosha.

Shekuwe aliinua mkono kwa shida, akanyoosha kidole kuelekea kwa Bi Sikudhani. "Mama Mize, yule..." Kengele ilimkatiza kabla hajamaliza. Mkejina alikiona kidole kile, akakiona vizuri kilikoelekea. Akajiambia ni kizunguzungu cha maumivu.

"Unaapa," Mshika Kengele alimwuliza, "kwamba mlio wa Wakili Mapande unafanana na mlio wa mumeo?"

Hakuwahi kuusikia mlio wa mumewe. "Naapa," alisema.

Alichana upande wa leso yake, akamfunga Wakili Mapande mkononi, kama alivyoelekezwa. Watu walipiga makofi. Hapo ndipo maji yalipoletwa, na Mapande akapewa kwanza.

Walichukuliwa wote hadi nyumbani kwa wakili. Ilikuwa nyumba nzuri. Shekuwe aliwekwa chumba cha nyuma, kinachoitwa chumba cha ushahidi, safi, chenye baridi, na mlangoni pakawekwa askari wa kuhakikisha kwamba hakuna mganga anayeingia. Wakili Mapande alilazwa sebuleni, mguu juu ya mito. Majirani waliingia kwa foleni na uji wa pilipili manga, wakamwambia pole, wakakaa kitako kusikiliza ilivyokuwa. Kila alasiri Mkejina, kama jamaa, alitakiwa kuja kumwuliza mbele ya mashahidi wawili: "Leo inauma wapi?"

Siku za mwanzo neno hilo lilimwia gumu. Baadaye likalainika, na baadaye tena, na hili ndilo linalomchoma hadi leo, akawa anaingoja alasiri kwa hamu. Mapande alijua kueleza. Alisema maumivu yanaanzia kwenye kifundo na kupanda taratibu, yakifika gotini yanakaa yanapumzika kama mgeni aliyeambiwa chakula kinaiva. Alisema kuna nyakati anajiona ni mzigo kwa mkewe. Mkejina alilia, akamshika mguu, akamwambia yeye si mzigo, wala asifikiri hivyo kamwe. Kisha alichukua sahani ya chakula kwenda chumba cha nyuma, na akifika huko hakuwa tena na la kuuliza. Alijiona anajua kila kitu.

Siku moja alimkuta Shekuwe amechana shuka lake, amechomoa chaga mbili za kitanda, amejifunga mguu mwenyewe. Alikuwa ameufunga vizuri, kwa mikono ya mtu aliyezoea kamba. Mkejina akaenda kumwambia wakili. Hakuenda kwa ubaya. Alikwenda kwa furaha.

Mapande aliketi ghafla kitandani. "Nani kaugusa mguu wangu?"

"Mwenyewe, Wakili. Amejifunga ili usipinde."

"Mama Mize, mguu ule ni ushahidi. Kuutibu ushahidi ni kuuharibu. Mahakama itaifuta kesi, na mwenye chokaa atatoka pale anacheka, akupite njiani bila hata kukuamkia. Ndicho unachotaka?"

"Lakini samaki hukunjwa angali mbichi, Wakili. Mfupa je?"

"Mfupa si samaki. Mfupa hungoja." Akamshika mkono, macho yamelowa. Nadhani alikuwa anasema anachokiamini, maana mtu huyu hakuwa mwongo wa kawaida. "Siku ya hukumu yenyewe nitamletea waganga wa mifupa watatu. Mimi ndiye ninayeumia hapa. Kama mimi naweza kuvumilia, yeye hawezi?"

Mkejina akarudi chumba cha nyuma, akapiga magoti, akaanza kufungua mafundo. Shekuwe alimshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu. Alimtazama kitambo. Kisha akamwachia, na Mkejina akazirudisha chaga mahali pake kitandani. Hakuna aliyemlazimisha. Askari alikuwa nje, anakula embe.

Kesi ilisikilizwa mvua zilipokwisha. Wasomi wa Usemeo walikuja na mito ya kukalia, kwa sababu ilijulikana kuwa itakuwa ya kupendeza. Mwenye chokaa naye alikuwa na wakili, na huyo alikuwa ameyavaa mateso ya mteja wake, yaani kukosa usingizi tangu gari lake limvunje mtu. Aliingia anapiga miayo, macho ameyapaka majivu. Akaiomba mahakama izingatie kwamba mguu huvunjika mara moja, ilhali usingizi huvunjika kila siku, na kwamba mteja wake akimwona ng'ombe hivi sasa moyo humwenda mbio, na yeye ni mtu mwenye ng'ombe wengi. Hoja hiyo iliwagusa watu. Walijadili asubuhi nzima kipi kizito kati ya mguu uliovunjika na usingizi uliovunjika, na wataalamu wawili waliitwa, mmoja akalala mbele ya hakimu na mwingine akakataa kulala, ili ionekane tofauti.

Mapande alipoinuka kusema, ukumbi wote ulinyamaza. Alitembea kutoka mlangoni hadi mbele ya hakimu akichechemea, na kila hatua iliwauma waliokuwa wakitazama. Alichechemea mguu wa kulia. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kinambana, kama alivyomweleza Mkejina baadaye, na fundi yeyote wa kazi ile atakwambia kwamba maumivu ya kuigiza hayafiki mbali bila maumivu kidogo ya kweli.

Shekuwe alikuwa amebebwa juu ya ubao na kuwekwa nyuma kabisa, karibu na mitungi ya maji. Wakili wa mwenye chokaa, pamoja na usingizi wake, ndiye aliyemwona.

"Mheshimiwa Hakimu, yule mtu kule nyuma, mguu wake uliopinda ni wa kushoto."

Hakimu alivaa miwani. "Yule ni nani?"

"Ni aliyeumia, Mheshimiwa."

"Ana uhusiano gani na kesi hii?"

Swali hilo liliwashughulisha hadi adhuhuri. Walipekua sheria, wakashauriana kwa minong'ono. Mwishowe hakimu alitamka kwamba mguu ulioletwa mbele ya mahakama ni wa kulia, umeonekana na umesikika; kwamba mguu wa kushoto wa yule bwana, ingawa unasikitisha, bila shaka unatokana na ajali nyingine ambayo haijapata wakili; na kwamba kwa kuwa unawachanganya mashahidi, utolewe nje pamoja na mwenyewe.

Mkejina alisimama. "Mheshimiwa, huo ndio mguu wenyewe! Huo ndio uliopandwa na gari!"

"Mama," alisema hakimu, naye pia alikuwa mpole. Wote walikuwa wapole, Mungu awasamehe. "Wewe uliapa sokoni kwamba mlio wa wakili ndio mlio wa mumeo. Sasa unakibadilisha kiapo?"

Mapande aligeuka akamtazama, jasho limemtoka. Mkejina alifikiria miezi iliyopita. Alifikiria zile chaga za kitanda, na kwamba akisema neno moja hapa basi alizifungua bure. Mtu aliyekwisha kutumbukiza mengi hutumbukiza na lililobaki. Alimwona Shekuwe anabebwa kupita mlangoni, uso umeelekea juu.

"Sikibadilishi," alisema.

Walishinda, na wakapata ushindi mkubwa. Mwenye chokaa aliamriwa kutoa machela yenye paa la kitambaa na wachukuzi wanne, kumbeba aliyeumia popote atakapo kwa muda wote atakaochechemea. Ngoma zilipigwa. Na kwa kuwa mbele ya sheria anayechechemea alikuwa Wakili Mapande, yeye ndiye aliyepandishwa. Shekuwe naye hakusahauliwa. Alipewa haki ya kutembea katika kivuli cha machela hiyo, bila kufukuzwa na mtu.

Mapande alitimiza ahadi. Waganga wa mifupa watatu walikuja jioni ileile. Mkubwa wao, mzee aliyenuka mafuta ya nyonyo, alipitisha kidole gumba juu ya mfupa, mara moja tu, akaufunika mguu kwa shuka.

"Umekwisha kushika," alisema. "Umeshika ulivyopenda."

"Hauwezi kuvunjwa tena, ukaungwa upya?" Mkejina aliuliza.

"Kwa mtoto ningethubutu. Kwa mtu mzima nitampotezea na goti." Akanawa mikono. "Mlikuwa wapi siku ya kwanza, mama?"

Asubuhi Wakili Mapande aliteremshwa kwenye machela ili aagane nao. Alimkumbatia Shekuwe, akalia machozi ya kweli. "Ndugu yangu," alisema, "hutajua kamwe jinsi nilivyoumia na mguu huu." Shekuwe alimpa mkono, akashika gongo lake, wakaondoka.

Karibu na lango la mji walimkuta yule muuza matunda ambaye kibanda chake kiliangushwa na gari lile lile. Siku ile alivunjika mkono, na wakati umati wote uko juu kwa Mapande, Bi Sikudhani alishuka bondeni akamchukua yeye. Kesi yake ilikwisha siku hiyohiyo. Alishinda pole moja na gunia la chokaa. Alikuwa anapaka chokaa ukuta wa nyumba yake kwa mkono ule uliovunjika, anaunyoosha juu mpaka kwenye dari ya kibaraza, huku anaimba.

Bi Sikudhani alikuwa amekaa kibarazani pale. Aliuona mguu wa Shekuwe unavyotua, kisigino hakifiki chini. Mkejina aliinamisha kichwa kungojea neno, na alilistahili. Lakini mwanamke yule hakumsemesha. Aliinuka, akatazama huku na huku kama hakuna mwenye kengele, akamwambia Shekuwe mwenyewe, kwa mdomo wake, jambo ambalo katika nchi ile ni karibu na kosa:

"Pole, kaka."

"Nishapoa," alijibu Shekuwe.

Walishika njia ya mpaka. Mkejina alikuwa anahesabu moyoni wote walioingia katika nyumba ile ya wakili, vyungu vyote vya uji, pole zote zilizomwagwa sebuleni, akitafuta hata moja iliyofika chumba cha nyuma. Alianza na majirani. Alimaliza na yeye mwenyewe.

Jiwe la mpaka wa Usemeo ni jiwe la kawaida tu, halina maandishi. Walipolipita, Shekuwe alikaa juu ya kichuguu kupumzika. Mbele yao ardhi ilianza kuwa nyekundu, ardhi ya kwao.

"Kisima itakuwaje, Baba Mize?" aliuliza Mkejina.

"Nitakaa juu, niwaelekeze vijana."

"Kisima kinaelekezwa?"

Shekuwe alitikisa kichwa. Hakielekezwi. Lazima mtu anuse udongo.

Mkejina aliketi chini mbele yake, vumbini, akauchukua mguu ule akauweka mapajani. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyotazamia. Unyayo ulikuwa umelainika, sugu zote za kuta za visima zimebanduka.

"Hukuniambia unaumia hivi," alisema. "Miezi yote hiyo, Baba Mize. Hukuniambia hata siku moja."

"Hukuniuliza." Hakusema kwa ukali. "Nilikuwa nakusikia kupitia ukutani. Kila alasiri. Ulikuwa unamwuliza yeye."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na Mkejina alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni, akaurudia kwa watu wengine mara nyingi. Alilia pale bila kujificha. Alipoweza kusema tena, alifuta uso kwa ile leso iliyochanwa upande, akaweka kidole juu ya mfupa, pale ulipojiunga wenyewe, palipokuwa pameinuka kama fundo la mti.

"Inauma wapi?"

"Hapo."

Akabonyeza kidogo. Na Shekuwe akalia. Ilikuwa sauti fupi, kavu, ya puani, kama ya mtu anayejiinua na mzigo akakuta ni mzito kuliko alivyofikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mkejina kuisikia, na haikufanana hata kidogo na ya Wakili Mapande.